Maabara ya Mifugo na Kazi ya Askari Barabarani

Tangu Oktoba 2021 ng'ombe, mbuzi na kondoo wa Burundi hawana tena ruhusa ya kuzurura. Sheria iliyotiwa sahihi Oktoba 2018 iliwapa wafugaji miaka 3 ya kujitayarisha, na muda huo ulipokwisha iliwataka wawafunge wanyama wao zizini na kuwaletea majani na maji huko huko. Askari polisi wameiona sheria hii kwa karibu kuliko raia wengine, kwa kuwa wao ndio wanaopelekewa mashauri ya mnyama aliyekamatwa shambani mwa mtu, na wao ndio wanaosimama barabarani kuuliza ng'ombe waliopakiwa katika lori wanatoka wapi na wanakwenda wapi.

Wapo wanaodhani kwamba mnyama akishafungwa zizini maradhi yamekwisha. Sisi hatuoni hivyo. Zizi limefunga mlango mmoja wa maradhi, lakini mingine ingali wazi, na baadhi yake imezidi kuwa ya hatari kwa sababu haionekani kwa macho. Katika makala haya tunataka kueleza kwa nini uchunguzi wa maabara, ambao wengi huufikiria kuwa ni shughuli ya wataalamu waliojifungia na chupa zao, ni jambo linalomhusu moja kwa moja askari aliyeko kwenye kizuizi cha barabara, kambini au mpakani.

Tuanze na kupe. Ugonjwa unaoua ng'ombe wengi katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki ni ndigana kali. Huletwa na kimelea kiitwacho Theileria parva, na kimelea hicho huchukuliwa na kupe wa rangi ya kahawia apendaye kujificha masikioni mwa ng'ombe. Katika malisho ya wazi, ndama wa kienyeji huumwa na kupe tangu siku zake za mwanzo. Baadhi yao hufa, lakini wanaopona huwa wamejipatia kinga ya miaka mingi. Ndama aliyelelewa zizini hakuipata kinga hiyo. Siku mwenye zizi atakapokwenda kukata majani kando ya njia walikopita ng'ombe wa watu wengine, akarudi na mzigo wenye kupe watatu au wanne, ng'ombe huyo aliyekwisha kuwa mkubwa, pengine wa maziwa na mwenye damu ya kigeni, atakutana na adui huyo kwa mara ya kwanza. Yeye ndiye atakayekufa upesi zaidi.

Basi ni dhahiri kwamba sheria njema yaweza kuzaa hatari mpya ikiwa haikufuatwa na maarifa. Zamani mfugaji aliyekuwa na ng'ombe kumi wa kienyeji aliweza kupoteza wawili na maisha yakaendelea. Leo mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa zizini, akimpoteza huyo, amepoteza karo ya watoto, samadi ya shamba na chakula cha nyumba. Wengi wa wasomaji wetu wana ng'ombe wa namna hiyo huko nyumbani kwa wazee wao, na sehemu ya mishahara yao ndiyo iliyomnunua.

Shida kubwa ya maradhi haya ni kwamba dalili zake zinafanana. Ng'ombe mwenye ndigana kali ana homa, hali vizuri, maziwa yamepungua. Mwenye ndigana baridi ana homa, hali vizuri, maziwa yamepungua. Mwenye nagana iletwayo na mbung'o, mwenye ugonjwa wa mkojo mwekundu, hata mwenye minyoo mingi tumboni, wote hukonda, husimama wakiwa wameinamisha vichwa, na manyoya yao husimama. Lakini dawa zake hazifanani hata kidogo. Dawa ya ndigana kali ni buparvakwoni, nayo ni ghali na hufaa ikitolewa mapema. Dawa ya ndigana baridi ni oksitetrasaiklini. Dawa ya nagana ni daiminazini au isometamidiamu. Anayechoma sindano ya nagana kwa ng'ombe mwenye ndigana kali hakumtibu. Amepoteza fedha, na amepoteza siku mbili tatu ambazo ndizo zilizokuwa na thamani kubwa kupita fedha, kwa maana ndigana kali yaweza kumwua mnyama katika muda wa juma moja au siku kumi tangu homa kuanza. Tena dawa inayotumiwa ovyo, kwa kipimo kidogo na kwa mnyama asiyestahili, huwafunza vimelea kuizoea, hata siku itakapohitajiwa kwa kweli haitafanya kazi.

Askari anafahamu vyema kwamba haifai kufyatua risasi gizani kabla ya kumtambua aliyesimama mbele. Kwa mnyama mgonjwa, kazi ya kumtambua adui hufanywa na maabara. Tena haihitaji kila mara mitambo ya fedha nyingi.

Njia ya kwanza na ya kale ni hadubini. Ndigana kali ikishukiwa, mtaalamu huchoma sindano katika tezi iliyovimba, mara nyingi ile iliyo chini ya sikio au mbele ya bega, akavuta maji kidogo na kuyapaka juu ya kipande cha kioo. Baada ya kukauka na kukazwa kwa spiriti, kioo hutiwa rangi iliyobuniwa mwaka 1904 na Gustav Giemsa wa Hamburg, rangi ambayo mpaka leo hutumika dunia nzima. Kwa karibu nusu saa rangi huingia, kisha kioo huoshwa na kutazamwa. Ndani ya chembe nyeupe huonekana madoa ya samawati yaitwayo miili ya Koch, kwa jina la Robert Koch, mtaalamu wa Ujerumani aliyechunguza maradhi ya ng'ombe hapo Dar es Salaam katika miaka ya 1897 na 1898. Akionekana ng'ombe mwenye homa na madoa hayo ndani ya tezi, hapana tena haja ya kubahatisha.

Damu nayo hupakwa juu ya kioo kwa namna mbili. Tone nene huwezesha kutazama damu nyingi kwa wakati mmoja, hivyo hufaa kutafuta vimelea vilivyo vichache. Tone lililotandazwa kwa wembamba huonyesha sura ya kimelea na mahali kilipo, ama ndani ya chembe nyekundu ama nje yake, na kwa hiyo hufaa kutambua aina yake. Hapa yafaa ikumbukwe jambo moja. Vimelea vichache vya ndigana vikionekana ndani ya chembe nyekundu, havithibitishi kwamba ndivyo vinavyomwua mnyama leo, kwani ng'ombe aliyepona zamani huendelea kuvichukua. Ndiyo maana mtaalamu mwaminifu hatoi hukumu kwa kioo kimoja tu. Huuliza joto la mwili, huuliza mnyama ametoka wapi, hupapasa tezi, ndipo anaposema.

Kwa nagana njia hiyo haitoshi. Vimelea vyake, viitwavyo tripanosoma, huogelea katika damu, lakini mara nyingi ni vichache mno, na tone moja laweza kuwakosa wote. Patrick Woo alieleza mnamo mwaka 1970 mbinu ya kutia damu katika mrija mwembamba wa kioo na kuizungusha kwa mashine yenye kasi kubwa. Chembe nyekundu, zilizo nzito, hushuka chini, maji ya damu hukaa juu, na katikati hubaki utando mwembamba mweupe. Tripanosoma hukusanyika penye utando huo. Mwaka 1977 Max Murray na wenzake waliendeleza mbinu hiyo kwa kuukata mrija mahali pa utando, kuumimina juu ya kioo na kuutazama kwa hadubini yenye mwanga wa pembeni, ambapo vimelea huonekana waziwazi vikijinyonga kama nyoka wadogo. Mrija huo huo humwonyesha mtaalamu upungufu wa damu kwa kupima kimo cha chembe nyekundu. Lakini mbinu hii ina sharti lake. Kimelea hutambuliwa kwa mwendo wake, kwa hiyo damu sharti itazamwe kabla haijapita muda wa saa chache, nayo isiachwe juani. Damu iliyosafirishwa kutwa nzima katika joto la bonde la Rusizi haina faida tena kwa kazi hiyo.

Mavi ya mnyama nayo yana habari zake. Mayai ya minyoo ya kawaida ni mepesi, hivyo mavi yakichanganywa na maji ya chumvi nyingi, mayai huelea juu na kuhesabiwa katika kijichumba cha kioo kilichobuniwa huko Australia katika miaka ya 1930. Mayai ya minyoo bapa ya ini ni mazito, hayaelei, kwa hiyo huachwa yazame katika maji safi mara kadhaa. Mfugaji wa zizini anayekata majani yake mabondeni penye maji na konokono hana budi kuomba uchunguzi huu wa pili, kwa sababu minyoo ya ini hufuata majani hayo. Akipewa matokeo ya uchunguzi wa kwanza peke yake, ataambiwa kwamba mnyama ni mzima, kumbe ini lake linaliwa.

Sasa tuje kwa nguruwe, kwani hapa jambo linaingia katika sahani ya mwanadamu. Nguruwe anayekula kinyesi cha mtu mwenye tegu hupata malengelenge katika misuli yake. Mtu akila nyama hiyo isiyoiva vizuri, hupata tegu tumboni. Na mtu akimeza mayai ya tegu kwa maji machafu au mikono isiyonawishwa, malengelenge yaweza kuota katika ubongo wake na kumletea kifafa. Uchunguzi uliofanywa Kiremba, kaskazini mwa nchi yetu, na kutangazwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba ugonjwa huu ni sababu kubwa ya kifafa katika eneo lile. Wanunuzi wa nguruwe hutazama chini ya ulimi wa mnyama, na njia hiyo ina maana, lakini humgundua yule tu aliyejaa malengelenge. Mwenye machache hupita. Jaribio la damu lina uwezo wa kumgundua wakati angali hai, na mkaguzi wa machinjio ana uwezo wa kumgundua akipasua misuli ipasavyo. Nguruwe aliyechinjwa usiku nyuma ya nyumba na kuuzwa kabla ya mapambazuko hakupita kwa yeyote kati ya hao.

Kuna pia mbinu za kisasa. Jaribio la elaiza, lililobuniwa mwaka 1971, hutafuta kingamwili zilizotengenezwa na mwili wa mnyama, au alama za kimelea chenyewe. Kwa siku moja laweza kupima damu ya wanyama wengi, nalo huwaonyesha wakuu wa mifugo ni tarafa zipi zilizoguswa na ugonjwa. Lakini kingamwili ni kama kovu. Kovu hueleza kwamba mtu aliwahi kujeruhiwa, halielezi kwamba leo anatoka damu. Kipimo cha PCR, ambacho jina lake kila askari alilisikia wakati wa korona, huzidisha chembe za urithi za kimelea mpaka zionekane, hata kama kilikuwa kichache sana. Chombo chake ni ghali na kinahitaji umeme wa uhakika, kwa hiyo kitabaki zaidi Bujumbura, penye maabara ya taifa ya mifugo.

Kwa nini tunawasumbua askari kwa habari ya chembe za urithi? Jibu linapatikana katika wilaya ya Soroti, nchini Uganda. Mnamo Desemba 1998 malale yalianza kuua watu katika wilaya hiyo ambayo kabla ya hapo haikuwa na ugonjwa huo. Wachunguzi walipofuatilia waligundua kwamba vijiji vilivyougua zaidi vilikuwa karibu na soko la ng'ombe, na kwamba ng'ombe waliouzwa hapo walikuwa wakitoka katika sehemu zenye malale. Kanuni ya kuwatibu ng'ombe kabla ya kuwahamisha ilikuwapo, lakini haikufuatwa. Ng'ombe wenyewe walionekana wazima. Chini ya hadubini tripanosoma asiyemdhuru mtu na yule anayemwua hawatofautiani kwa sura. Ni uchunguzi wa chembe za urithi, uliotangazwa mwaka 2001, ulioonyesha kwamba ng'ombe wengi wa eneo hilo walikuwa ghala la malale ya binadamu. Lori moja linalopita bila karatasi laweza kuhamisha ugonjwa kutoka wilaya moja hadi nyingine. Na Burundi, yenye mbung'o katika nyanda za Kumoso na mpaka mrefu na Tanzania, haina sababu ya kudhani kwamba mambo hayo ni ya mbali.

Historia ina mafunzo mawili katika jambo hili. Funzo la kwanza latoka kusini mwa Afrika. Ndigana kali ilifika huko mwaka 1901 na 1902 pamoja na ng'ombe waliosafirishwa kwa meli kutoka pwani yetu hadi Beira, nayo ikaangamiza mifugo kwa wingi. Katika Afrika Kusini ilichukua nusu karne kuifuta, na ilifutwa katika miaka ya 1950 kwa kuogesha ng'ombe, kuchinja walioambukizwa na kuzuia wanyama wasihamishwe bila ruhusa. Kazi ya mganga, ya mtu wa maabara na ya mlinzi wa barabara ilikwenda pamoja. Funzo la pili latoka hapa kwetu. Katika miaka ya kabla ya 1914 Wajerumani walifungua kambi za malale kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, upande wa Imbo, na kuwachoma watu tezi za shingo ili kutafuta tripanosoma. Elimu ya maabara ilikuwapo, lakini watu waliamrishwa bila ya kuelezwa, wakahamishwa, na wengi wakajificha. Ugonjwa unaofichwa hauwezi kupimwa. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua.

Mwaka 2022 nchi yetu ilionja jambo hili tena. Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka, serikali ilizuia mifugo isihamishwe. Ugonjwa ule ni wa kirusi, si wa kimelea, lakini namna ya kupambana nao ilikuwa ile ile: damu kupelekwa maabara, na askari kusimama njiani. Mfugaji aliyenyimwa soko aliumia, na ilikuwa haki yake kuuliza kwa nini. Askari aliyeweza kumjibu kwa maneno mawili matatu ya ukweli aliifanya kazi yake kuwa nyepesi. Aliyejibu kwa kirungu alimfundisha mfugaji kupita njia za usiku.

Kutokana na hayo tunaona mambo manne yanayompasa askari. Kwanza, karatasi ya daktari wa mifugo isichukuliwe kuwa ni karatasi tu. Nyuma yake pana damu iliyotazamwa na mtu aliyesomea kazi hiyo. Anayepokea noti chache na kuliacha lori lipite ameifuta kazi yote ya maabara kwa dakika moja, na huenda ng'ombe walewale wakashushwa katika kijiji cha mama yake. Pili, nyama iliyokamatwa isigawanywe kituoni wala kambini. Nyama isiyokaguliwa haiwi safi kwa kuwa aliyeila ana sare. Tatu, anayetumwa kusindikiza sampuli afahamu kwamba mzigo wake unaharibika: uwe mahali pa baridi, uwe na maandishi ya mahali, tarehe na mwenye mnyama, na usikae njiani kungojea shughuli nyingine. Nne, mnyama aliyekufa ghafla asichunwe wala kuliwa mpaka mtaalamu aje.

Lakini isiwe kwamba askari peke yake ndiye anayehimizwa. Haitoshi kumdai mfugaji wa Kumoso uthibitisho ambao kwa kuupata hana budi kusafiri kutwa mpaka Bujumbura. Hadubini yenye kioo cha kurudisha mwanga wa jua haihitaji umeme. Rangi ya Giemsa, vipande vya kioo na spiriti si vitu vya kushindwa na taifa. Yule kijana aliyefundishwa kupaka damu vizuri na kuisoma anaweza kuokoa, kwa mwaka mmoja, ng'ombe wenye thamani inayopita mara nyingi gharama za chumba chake. Kwa hiyo twaona kwamba maabara ndogo zilizo karibu na wafugaji zina haki ya kutangulia mitambo mikubwa, na ile maabara ya taifa iwe ni ya kuthibitisha yale yaliyo magumu na kusahihisha kazi za wadogo zake. Wenye madaraka wakiulizwa fedha zitoke wapi, wakumbuke kwamba kila sindano ya kubahatisha nayo ni fedha, na ng'ombe aliyekufa ni fedha zaidi.

Ulinzi wa nchi haukomi kwenye mipaka inayochorwa katika ramani. Kupe haombi pasi, na mbung'o hasimami kwenye kizuizi. Kinachoweza kuwasimamisha ni mfugaji anayesema kweli juu ya mnyama wake, mtaalamu anayetazama kabla ya kutamka, na askari asiyeuza njia. Mmoja wao akilegea, kazi ya wawili waliobaki inakuwa bure. Ndugu askari, lori litakalosimama mbele yenu kesho litakuwa na ng'ombe wanaoonekana wazima. Waombeni wenyewe karatasi zao, zisomeni, na msiyaamini macho peke yake.